Gia za Mkono au Otomatiki? Kununua Gari la Mbio la Tunu Pwani ya Kusini

Anayeona gari la mbio la miaka ya tisini likiuzwa Ukunda au Diani huanza na bei, akaja kwenye rangi, kisha akainama kutazama kutu chini ya milango. Giaboksi huulizwa mwisho, mara nyingi arubuni ikiwa imeshatoka mfukoni. Nakushauri uanze nayo. Rangi hupigwa upya hapa hapa Ukunda, bati lililoliwa na kutu hukatwa likachomelewa jipya, na viti hushonwa Mombasa. Lakini giaboksi ya gari ambalo kiwanda kiliacha kulitengeneza zamani ikikatika meno, utaingoja spea itoke Japani, Uingereza au Dubai, na ikishafika huenda usimpate wa kuifunga.

Nieleze mapema ninaposimama. Kwa mtu anayeishi kati ya Likoni na Lunga Lunga, giaboksi ya kununua ni ile ambayo gari lilizaliwa nayo kiwandani, na ambayo yupo fundi unayemfikia anayeweza kuifungua na kuifunga. Kwa magari mengi ya tunu, masharti hayo mawili yanaangukia gia za mkono. Yapo yanayoangukia otomatiki, tena otomatiki nzuri. Na ipo aina moja ambayo nakuomba uipite hata ukishushiwa bei.

Yaliyopo sokoni

Kanuni ya viwango ya Kenya, KS 1515, hairuhusu kuingiza nchini gari lililotumika ambalo limepita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na hutaka usukani uwe kulia. Kwa hiyo Subaru Impreza ya umbo la kwanza lililoanza kuuzwa 1992, Lancer Evolution za namba zote, Toyota Supra iliyotoka 1993, Honda S2000 na Mazda RX-8 ni zile tu ambazo zilishaingia. Haziongezeki. Kila moja inayobamizwa kwenye mti au kuchinjwa kwa ajili ya spea inapunguza hesabu.

Jambo hili linagusa giaboksi moja kwa moja. Gari unalolitazama limeshapita mikononi mwa watu kadhaa na mafundi wengi zaidi, na giaboksi iliyomo yawezekana si ile iliyoshuka nayo melini. Logibuku ya Kenya huandika nambari ya chesi na ya injini, giaboksi haimo. Hivyo hata karatasi zikiwa safi kabisa, hazikuambii chochote kuhusu kitu unachokwenda kulipia.

Kwa magari ambayo bado yanaweza kuagizwa, uchaguzi ni mwepesi zaidi kwa sababu kiwanda kimeshakuchagulia. Subaru WRX STI ya mwisho kuuzwa Japani ilikuwa na gia sita za mkono tu. Ndugu yake WRX S4, ambaye kwa sura wanashabihiana sana, ana giaboksi ya mnyororo inayoitwa CVT. Toyota GR Yaris iliyotoka 2020 ilikuja kama RZ yenye gia sita za mkono na magurudumu yote manne yanayosukuma, na kama RS yenye CVT na injini ndogo isiyo na tabo. Watu wameagiza RS wakidhani wameagiza RZ kwa bei nafuu. Soma jina kamili la gari kwenye tangazo, herufi kwa herufi.

Neno moja kuhusu mpaka. Ukiwa Lunga Lunga utakutana na magari mazuri ya nambari za Tanzania, kwa kuwa wenzetu huruhusiwa kuingiza gari la zamani kwa kulipia ushuru wa uchakavu. Gari hilo linaweza kuvuka kuja Diani kwa kibali cha muda. Kulisajili Kenya ni jambo lingine: sheria ya miaka minane inalikuta palepale mpakani. Anayekwambia kuna njia anakuuzia matatizo yake.

Aina nne, na tofauti zake hapa kwetu

Gia za mkono kila mtu anazijua. Klachi, gia, sinkro za kulinganisha mwendo wa gia kabla hazijashikana, liva mkononi. Uzuri wake mkubwa kwa mnunuzi ni kwamba ugonjwa wake unasikika mapema. Sinkro iliyochoka itakwaruza miezi mingi kabla gia haijagoma kuingia, na klachi inayoisha itateleza mlimani kabla haijakuacha njiani. Tena fundi anayeshusha giaboksi za matatu kila wiki hatashangaa akiona ya Impreza; atahitaji muda, kitabu cha vipimo na spea, lakini kanuni ni ileile.

Otomatiki ya kawaida, yenye toki konvata, ina sifa mbaya isiyoistahili miongoni mwa wapenda mbio. Mwaka 1979 Mercedes ilileta Safari Rally gari la 450 SLC 5.0 lenye giaboksi ya otomatiki. Hannu Mikkola wa Finland alilifikisha nafasi ya pili, nyuma ya Datsun 160J ya Shekhar Mehta. Mwishoni mwa mwaka uleule magari ya aina hiyo yalishika nafasi nne za kwanza katika Bandama Rally huko Côte d'Ivoire. Kama otomatiki ilistahimili matope na vumbi vya Safari ya enzi zile, itastahimili barabara ya Diani. Ukipata Mercedes SL ya umbo la R107, lililotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1989, nunua ya otomatiki bila kusita. Gari hilo liliwazwa hivyo, nyingi zilitoka hivyo, na thamani yake haipungui kwa hivyo.

Aina ya tatu ndiyo niliyokuomba uipite. Ndani ni giaboksi ya gia za mkono yenye klachi moja, lakini pedali ya klachi imeondolewa, na kazi ya mguu na mkono inafanywa na pampu ya haidroliki, vali na kompyuta. Ferrari iliiweka kwenye F355 mwaka 1997. BMW iliiita SMG na kuitia kwenye M3 na baadaye M5. Alfa Romeo waliiita Selespeed. Toyota waliiweka kwenye gari dogo la wazi la MR-S na kuiita SMT, na ndilo unaloweza kukutana nalo kirahisi kwa bei ya kuvutia.

Bei inavutia kwa sababu maalumu. Giaboksi yenyewe huwa nzima. Kinachokufa ni pampu, kihifadhi presha, vihisio na soketi za umeme, yaani vitu vilevile ambavyo joto la Machi na hewa ya chumvi huvishambulia kwanza. Kompyuta ikipoteza imani na kihisio kimoja, gari hukataa kuingia gia, na hapo halivutwi hata kwa kamba kwa urahisi. Ili kuitibu unahitaji skana inayozungumza lugha ya gari hilo hasa. Skana ya kawaida ya fundi wa mtaani itakuonyesha taa za injini tu. Kama moyo umeshaliangukia MR-S la SMT, ulizia kwanza gharama ya kuligeuza liwe la pedali tatu, uitoe kwenye bei, na umweleze muuzaji hesabu hiyo waziwazi. Kwa BMW M5 yenye SMG sikushauri hata hivyo, kwa sababu injini yake nayo ina madai yake.

Ya nne ni klachi mbili: moja hushika gia za witiri, nyingine za shufwa, na gia inayofuata huwa imeshaandaliwa kabla ya ile ya sasa kuachiwa. Volkswagen waliitangulizia Golf R32 mwaka 2003 kwa jina la DSG. Nissan GT-R ya R35 iliyotoka 2007 haina aina nyingine. Mitsubishi waliiweka kwenye Lancer Evolution X na kuiita Twin Clutch SST, huku Evolution X nyingine zikitoka na gia tano za mkono. Kwa kuendesha, ni tamu kupita zote. Lakini inaishi kwa oili. SST inataka oili yake maalumu, Dia Queen SSTF-I, na mtu akiijaza oili ya otomatiki ya kawaida kwa sababu ndiyo iliyokuwepo dukani, ameanza kuiua siku hiyo. Kwa hiyo klachi mbili zina sharti moja lisilo na mjadala: risiti za kubadilisha oili na chujio, zenye tarehe na kilomita. Hakuna risiti, hakuna biashara. Evolution X ya gia tano za mkono ina gia chache kuliko SST na haina sifa kubwa mitandaoni, ila kwa mtu wa Msambweni ndiyo ningechukua mimi.

Thamani inatoka wapi

Wanunuzi wa magari haya Kenya ni wachache na wanajuana. Wengi wako Nairobi na Mombasa, na mapenzi yao yamelelewa na Safari Rally. Datsun 240Z ilishinda 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann na 1973 mikononi mwa Mehta. Lancer ilishinda 1996 na Tommi Mäkinen, Impreza ikashinda 1997 na Colin McRae na 2000 na Richard Burns. Mtu aliyekua akisimama kando ya barabara kuyaona magari hayo yakipita anataka pedali tatu. Utakapotaka kuuza, yeye ndiye utakayemuuzia.

Ndiyo maana Impreza WRX STI ya milango mitano inayoitwa A-Line inahitaji macho. Ilitoka 2009 ikiwa na injini ya lita 2.5 yenye tabo na otomatiki ya gia tano. Ina bawa, ina nembo ya STI ya waridi, na ni gari zuri la safari ya Diani hadi Nairobi. Lakini bei yake haipaswi kukaribiana na ya STI yenye gia sita za mkono, na nembo isikufanye ulipe kana kwamba ni moja. Lancer Evolution VII nayo ilitolewa kwa otomatiki 2002, ikiitwa GT-A. Hizi zinafaa kwa mtu anayetaka kuendesha gari kila siku bila kuchoka mguu. Anayenunua ili thamani ipande asizikimbilie.

Tofauti hiyo ya bei imezaa kazi ya kubadilisha otomatiki kuwa gia za mkono. Hakuna ubaya ikiwa imeelezwa na kufanywa vizuri. Ubaya ni gari lililogeuzwa kuuzwa kama la asili. Kulitambua, fungua boneti utafute kibati cha kiwanda. Kwenye Toyota kuna mstari wenye jina la giaboksi: Supra ya tabo yenye gia sita itaonyesha V160 au V161, ya otomatiki itaanza na A340 au jamii yake. Nissan nao huandika aina ya giaboksi kwenye kibati. Kama gari liliingia kupitia mnada wa Japani, omba karatasi ya mnada. F5 au F6 ni gia tano au sita za mkono zenye liva sakafuni, na AT au FAT ni otomatiki. Linganisha nambari ya chesi ya karatasi na iliyogongwa kwenye bati la gari.

Kisha tazama kazi yenyewe. Raba ya pedali ya klachi ikiwa mpya na ya breki imelika, uliza. Taa za rivasi ziwake. Spidomita isome sawa. Kwenye Subaru na Evolution, ambazo magurudumu yote husukuma, uwiano wa difu ya mbele, ya nyuma na giaboksi lazima vioane. Mtu akiokota giaboksi ya gari moja na difu ya lingine bila kuhesabu meno, difu ya katikati hujiunguza yenyewe ndani ya muda mfupi. Kipimo chake ni rahisi. Tafuta uwanja mtupu, zungusha usukani hadi mwisho, uendeshe duara polepole. Gari likijikaza, likaruka-ruka kama lililofungwa breki, kuna kitu hakioani, au matairi ni ya vipimo tofauti. Anza na matairi kwa kuwa ndiyo rahisi kuthibitisha.

Kulijaribu: Ukunda, Kombani, Kwale

Tuna bahati ya kuwa na mlima karibu. Barabara kuu ya Likoni hadi Lunga Lunga ni tambarare na inaficha magonjwa mengi, lakini kutoka Kombani unapanda kwenda mji wa Kwale, karibu mita 400 juu ya bahari. Hapo giaboksi husema kweli. Mwambie muuzaji mapema kwamba mtapita huko, na kwamba unataka injini iwe baridi ukifika. Weka kiganja kwenye boneti. Ikiwa moto, ahirisha hadi kesho asubuhi, kwa heshima lakini bila kuyumba, maana sinkro mbovu na vali za otomatiki zilizochoka hujificha oili ikishapata joto.

Kwa gia za mkono, washa gari likiwa nyutrali na mguu usiwe kwenye klachi. Sikiliza. Mkwaruzo unaotoweka ukikanyaga klachi unatoka kwenye beringi za ndani ya giaboksi, na hizo hazibadilishwi bila kuifungua yote. Kelele inayoanza pale unapokanyaga ni ya beringi ya klachi, kazi ndogo kwa kadiri yake, ingawa giaboksi itashushwa. Zima injini, uangalie kopo la mafuta ya klachi na chini ya pampu yake ndogo kando ya giaboksi. Unyevu wa mafuta hapo maana yake sili zimekwisha.

Ondoka taratibu. Kutoka gia ya kwanza kwenda ya pili, na ya pili kwenda ya tatu, badilisha bila kuharakisha gari likiwa bado baridi. Impreza za kwanza zenye gia tano ziliteswa sana na waliopenda kuruka nazo kutoka kwenye taa, na gia ya tatu huwa ya kwanza kulalamika. Giaboksi ya gia sita ya STI zilizofuata ni imara zaidi kwa mbali. Ukifika kwenye mteremko wa Kombani, panda kwa gia ya nne, mwendo wa kilomita 50 kwa saa, kisha kanyaga mafuta hadi chini. Mshale wa mizunguko ya injini ukipanda na mwendo usiufuate, klachi inateleza. Ukirudi chini kutoka Kwale, weka gia ya tatu, toa mguu kwenye mafuta na uondoe mkono kwenye liva. Liva ikijirudisha nyutrali yenyewe, shukuru umejua, kisha uondoke. Sijui muuzaji mwenye bei ya kufidia hilo.

Otomatiki hujaribiwa kwa namna nyingine. Kabla ya safari, gari likiwa limesimama na breki imekanyagwa, toka P uende R, kisha D. Gia ikikawia zaidi ya sekunde mbili au ikipiga kishindo, presha ya ndani ni dhaifu. Mlimani, kanyaga mafuta ghafla uone kama inashuka gia mara moja au inaacha injini ikinguruma hewani kwanza. Kisha, siku hiyohiyo, geukia kusini. Kipande cha barabara kuelekea Gazi na Msambweni kinakupa mwendo wa kutulia wa kilomita 70 hadi 80, na hapo ndipo toki konvata hujifunga. Mtetemo mdogo kama wa kupita juu ya matofali madogo ukiusikia kwenye mwendo huo, ndiyo inachoka. Punguza mapema kabla ya vijiji, matuta yako mengi. Mkisimama, kama gari lina kijiti cha kupimia oili, kipime injini ikiwa moto na inazunguka. Oili ya otomatiki kwa kawaida ni nyekundu inayopenyeza mwanga. Ikiwa ya kahawia na yenye harufu ya kuungua, sahani za ndani zinaungua.

Kwa klachi mbili, njia ni ileile ya mlima, ila baada ya kushuka ingia kwenye foleni na utambae nayo dakika kumi. Joto la oili likipanda mpaka dashibodi ikatoa onyo, mfumo wa kupoza umeziba au klachi zimekwisha. Na kwa klachi moja ya kompyuta, kama hukunisikiliza, fungua mlango wa dereva kabla ya kuwasha: kwa nyingi utasikia pampu ikijaza presha kwa sekunde chache kisha ikanyamaza. Inayojirudia kila mara inavuja, au kihifadhi presha kimekufa.

Likoni, na magari yaliyolala

Watu wa bara hawalijui jambo la feri. Bahari ikitoka wakati wa bamvua, mteremko wa gati ya Likoni huwa mkali, na gari la chini lenye bampa ndefu linaweza kuburuza. Ukiwa na klachi ya mashindano, ile nzito inayoshika ghafla, kupanda pale kwa kusimama na kuondoka huku kuna matatu nyuma yako na watu kando ni kazi isiyopendeza, na klachi inapika. Otomatiki hapo ni raha. Kama kazi yako iko Mombasa kisiwani na utavuka kila siku, hili lina uzito, na sitakulaumu ukichagua otomatiki kwa sababu hiyo peke yake. Kwa anayekwenda Nairobi au uwanja wa ndege, barabara ya Dongo Kundu inayounganisha Kibundani na Miritini imempunguzia adha hiyo.

Lakini hatari kubwa zaidi ya pwani ya kusini sioni ikizungumzwa: magari yaliyolala. Diani kuna nyumba ambazo wenyewe huja msimu mmoja wa mwaka. Gari huachwa bandani miezi, hatua chache kutoka ufukweni, likauzwa kwa sifa ya kilomita chache. Kilomita ni chache kweli. Ila sahani ya klachi iliyolala ikibana flaiwili kwenye hewa ya chumvi hushikana nayo kwa kutu, na siku ya kuwashwa gia hazitaingia hata ukikanyaga pedali hadi sakafuni. Mara nyingi huachia kwa kuendeshwa kwa uangalifu, mara nyingine giaboksi hushushwa. Kwenye otomatiki, sili hukauka na mabomba ya kupoza oili yanayopita mbele kwenye rejeta huliwa na kutu kutoka nje. Yapapase kwa kidole. Fungua na soketi za umeme za giaboksi, ukiona unga wa kijani, hesabu kwamba umeme wake utakusumbua.

Kwa gari lililolala, gia za mkono zinasameheka zaidi, nami ndizo ningechagua kwa mtu anayejua kwamba naye ataliacha wakati wa masika. Na kama muuzaji hawezi kukuruhusu uliendeshe kwa sababu bima imeisha au betri imekufa, bei ijadiliwe kana kwamba giaboksi haipo.

Fundi kabla ya pesa

Kabla ya kukubali bei, nenda kwa fundi utakayemtumia na umuulize kwa jina la giaboksi hasa: "Fundi, umeshafungua ya namna hii? Spea ulitoa wapi?" Akikutajia duka Kirinyaga Road au Grogan kule Nairobi na akajua ni kipi kilichokosekana mara ya mwisho, umempata mtu. Akisema zote ni sawa, mshukuru na uendelee kutafuta. Mlipe siku yake aandamane nawe kutazama gari, na liinuliwe juu. Nusu saa chini ya gari inakuonyesha uvujaji kwenye maungio ya giaboksi, raba za kuishikilia zilizopasuka, na boliti ambazo funguo zimeshazizungusha.

Tafuta kumbukumbu za gari kwa NTSA kupitia eCitizen uone jina la mwenyewe, nambari ya injini na kama kuna benki inayolidai. Injini iliyobadilishwa bila kuandikishwa hukwamisha uhamisho. Angalia na leseni yako: kama ulipimwa kwa otomatiki pekee, pedali tatu zitataka upimwe tena kwanza, na bima haitakuwa na huruma.

Likishakuwa lako, mwaga oili zote wiki ya kwanza hata kama umeambiwa ni mpya. Giaboksi ya mkono ya Subaru ina difu ya mbele ndani yake, kwa hiyo hutaka oili ya daraja la GL-5. Ile ya Getrag kwenye Supra ina oili yake peke yake na haitaki nyingine. Tazama sumaku ya kizibo cha kumwagia: unga laini wa kijivu ni wa kawaida, vipande vinavyoshikika kwa kucha si vya kawaida. Ukiliacha gari kwa muda, mpe mtu unayemwamini kazi ya kuliendesha kila wiki mbili mpaka oili ya giaboksi ipate moto, Ukunda hadi Gazi na kurudi inatosha, na amweleze fundi wako chochote alichosikia. Aandike tarehe na kilomita kwenye daftari linalokaa ndani ya gari, pamoja na risiti za oili.